Nukta Kumi na Sita

Kila asubuhi, kabla hajashusha mkoba begani, Nukta alipita kando ya meza ndefu ya karakana akizigusa bodi za kompyuta moja moja kwa mgongo wa kiganja, kama mama anavyompima mtoto homa. Iliyopoa aliipita. Yenye joto aliisimamia, akaiuliza kwa upole, "Wewe mwenzetu, nani kakuacha unahangaika usiku kucha?" Aliyesahau kuizima alikuwa keshainama chini ya meza anatafuta bisibisi ambayo hakuna aliyeipoteza.

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Nukta aliitwa kwa sababu picha kwake haikuwa picha, ilikuwa nukta zilizopangwa. Ukimpa simu umwonyeshe harusi ya dada yako, aliisogeza karibu na pua, akakurudishia akisema, "Harusi nzuri. Ila hapa shavuni kwa bibi harusi kuna nukta mbili zimekufa." Watu wakaacha kumwonyesha harusi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa waya sikio moja. Kazi yake ilikuwa kuandika draiva za picha. Hiyo ni programu ndogo inayokaa katikati ya prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri, na chipu ya picha, ambayo ndiyo inayochora. Prosesa inaandika kwenye memori kitu cha kuchorwa, chipu inasoma memori hiyo na kukiweka kwenye skrini. Draiva kazi yake ni kusema: sasa, bado, soma hapa, pale usiguse. Ikifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Mama yake, mpaka anaaga dunia, aliwaambia majirani kwamba binti yake mkubwa anatengeneza televisheni, na binti mkubwa hakuwahi kumsahihisha.

Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Ndani walikuwa watu sita, na walitengeneza zile skrini za kumbi za kusubiria, zinazoonyesha namba ya anayefuata. Mkubwa wao aliitwa Mzee Kesho. Ukimwomba kiti kipya, kesho. Ukimwomba ruhusa, kesho. Alikuwa na tumbo la kicheko na moyo mweupe, na hakuna aliyeweza kumkasirikia zaidi ya dakika tano. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake.

Nukta alikuwa amemuaga mara tatu, akitaka kuacha kazi. Mara tatu Mzee Kesho alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Haki yako kabisa, mwanangu. Tumalizie tu hiki kimoja." Na mara tatu kile kimoja kilizaa.

Aliyekuwa akimsubiri ni mdogo wake, fundi wa redio na televisheni, ambaye alikuwa amepangisha vyumba viwili karibu na soko katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Tangu wakiwa wasichana walikuwa na ndoto hiyo: mdogo ashike bisibisi, mkubwa ashike programu. Kibao cha mlangoni kilikuwa tayari kimechorwa kwa rangi ya bluu, DADA WAWILI. Dada aliyekuwepo alikuwa mmoja.

"Dada, leo mteja kaniuliza wa pili yuko wapi," mdogo alisema kwenye simu Jumapili ile. "Nimemwambia yuko msalani."

"Si ungesema nimesafiri."

"Nilisema umesafiri mwezi wa tatu. Mwezi wa nne nikasema unaumwa. Wengine wameanza kunipa pole, Dada. Kuna mama kaja na matunda ya mgonjwa."

Nukta akacheka. Upande wa pili hakucheka mtu.

"Sikiliza, Dada yangu. Nakuheshimu. Ila peke yangu siwezi tena. Binamu yetu, yule wa majokofu, kasema yuko tayari kuingia. Jumamosi hii nikikuona hapa, tunaanza. Nisipokuona, namkubali yeye, na kibao nafuta. Sikasiriki, lakini nafuta."

"Nitakuja."

"Hilo nalijua tangu mwezi wa tatu."

Mdogo wake alikuwa mtu wa mizaha, ila akishasema "nafuta" anafuta. Na yeye mwenyewe asingeweza kufungasha tu na kuondoka, kwa sababu ya madoa.

Madoa yalikuwa yake. Miezi minne nyuma, zile bodi za zamani walizozizoea, kubwa, zenye prosesa kama za kompyuta za mezani, zilianza kuadimika. Nukta ndiye aliyeleta bodi mpya, ndogo kama kiganja, yenye prosesa ya jamii ya zile za simu. Alisimama mbele ya wote akasema, "Hii naibeba mimi." Akachukua draiva yake ya miaka sita, akaihamishia kwenye bodi mpya, na siku hiyo hiyo picha ikatokea, ya maua, kubwa, imejaa skrini nzima bila kasoro. Wakanywa soda. Skrini tatu zikapelekwa kutundikwa kliniki ya meno.

Wiki ya pili madoa yakaanza. Vipande vidogo vya namba ya zamani vikawa vinabaki ndani ya namba mpya, kama mtu aliyevaa shati jipya akasahau kuvua mkono mmoja wa lile la jana. Leo vipo, kesho havipo. Akiondoka vikiwa bado vipo, pale hakuna mwingine wa kuviondoa. Kliniki ingezirudisha skrini, kumbi nyingine zingefuata, na watu watano aliokula nao mchana kwa miaka kumi na moja wangebaki wanatazama dari. Kwa hiyo alimwendea Mzee Kesho akamwambia, "Madoa yakiisha, naondoka siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo!" Mzee Kesho alikula kiapo, mkono kifuani, mashahidi wanne wakisikia.

Jumatatu asubuhi kliniki ikapiga simu. Alikuwa Sista wa mapokezi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara.

"Njoo uone ulichotufanyia," alisema. "Njoo mwenyewe, usitume mtu."

Yaliyotokea ni haya. Bwana mmoja alikuwa namba hamsini na tano. Kaingia, kang'olewa jino, katoka na pamba mdomoni, kakaa kwenye benchi apumzike. Zamu ikaenda hamsini na sita. Lakini tumbo la ile sita, pale chini kushoto, halikufika kwenye skrini, na sita bila tumbo ni tano. Skrini ikaonyesha hamsini na tano. Mlinzi akamgusa bega: unaitwa, mzee. Naye alikuwa mtu mtiifu, tena mdomo umekufa ganzi, hawezi kubishana. Akaingia. Daktari alikuwa amempa mgongo, akipanga vyombo. "Kaa. Fungua mdomo." Akakaa, akafungua. Ni pale alipoona koleo linarudi ndipo utiifu ulipomwisha. Alitoka mbio na kile kitambaa cha kifuani kikipepea, mpaka getini, na hajarudi kukirudisha.

Sista alisimulia huku akifuta machozi ya kicheko. Mara akaacha, kama aliyefunga bomba.

"Leo nimecheka," alisema. "Akija mwingine asiyejua kukimbia, sitacheka. Daktari mkuu kasema Ijumaa saa tisa anapita. Zikiwa zimepona, zibaki. Zikiwa bado, zinashushwa, tunarudi kuita kwa mdomo. Na mdomo wenyewe ni huu wangu."

"Ijumaa zitakuwa nzima, Sista."

"Wewe ndiye uliyesema hivyo mwezi jana?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Angalau huna uoga."

Jumanne Nukta alifunga bodi moja mezani, akairusharushia namba. Hakuna doa. Akaongeza kasi. Doa moja, likapotea. Akaiamuru programu iandike pembeni kila hatua inayofanya, apate kumfuata mwizi nyayo kwa nyayo. Madoa yote yakatoweka, skrini ikang'aa kama imelambwa. Akafuta lile agizo la kuandika. Madoa yakarudi.

"Ukimchungulia anajificha," alisema. "Ukigeuka anakula."

Mwenzake wa meza ya pili akakohoa. Huyu alikuwa kijana mrefu, mpole, mwandishi mzuri wa programu, ila walimwita Bwana Subiri. Kila alipokutana na kosa asilolielewa, dawa yake ilikuwa kuiambia mashine isubiri kidogo kabla ya kuendelea. Mara nyingi kosa lilichoka likaondoka.

"Dada Nukta, mimi mwezi uliopita niliweka kasubiri kadogo. Kwenye draiva."

"Kwenye draiva yangu?"

"Kadogo, Dada. Nilikuwa nakusaidia."

"Na mimi niliweka kamoja," akasema dada wa kuunganisha nyaya, bila kuinua uso. "Ile siku ulikuwa na mafua. Yalipungua, nikaenda kula."

Kumbe kila mmoja alikuwa nako. Pale karakana ilikuwa ni aibu kusema sijui, kwa hiyo mtu akiona doa aliingiza subiri yake, akafunga faili kimya kimya, akaenda zake. Nukta alizihesabu. Zilikuwa kumi na saba. Ya kumi na saba iliwekwa kwa ombi la Mzee Kesho, ambaye hajui kuandika hata mstari mmoja, ila alisikia kwamba zinasaidia.

"Ndiyo maana skrini zinabadilika polepole kama mtu anayepanda ngazi na ndoo!" Nukta alisema. "Nazitoa zote."

"Zote?" Bwana Subiri akashika kichwa. "Dada, utaona mafuriko."

"Ndicho ninachotaka. Mwizi akiwa mmoja mmoja simkamati. Waje wote niwaone sura."

Akazitoa. Skrini ikajaa madoa kuanzia juu mpaka chini, na Nukta akacheka peke yake kama aliyepata mgeni wa siku nyingi. Akachukua bodi ile akaifunga kwenye mfuko wa kitambaa.

Jumatano akaenda kliniki, akambembeleza Sista amwachie aifunge bodi ile kwenye skrini moja ya ukutani, iwe na madoa wazi kwa asubuhi moja, huku Sista mwenyewe akiita kwa mdomo. Akakaa benchi la mbele kati ya wenye mashavu yaliyovimba, daftari magotini, akitazama juu.

Pembeni yake alikaa fundi cherehani, mama mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni kama kawaida ya mafundi, shavu la kushoto limeumuka. Naye alitazama skrini. Alitazama sana.

"Wewe ndiye mwenye hii kitu?" aliuliza, akitumia nusu ya mdomo.

"Ndiye, mama. Nisamehe."

"Sina ugomvi. Nataka kukuuliza, mbona umekata viraka vyote kipimo kimoja?"

"Viraka gani, mama?"

"Si hivyo hapo. Kile cha juu na kile cha pembeni. Na kile kwenye mguu wa saba. Urefu mmoja vyote. Mtu akinichania nguo bahati mbaya, hachani hivyo. Hivyo vimekatwa kwa mkasi."

Nukta akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kwa miezi miwili alikuwa akitazama madoa yanatokea wapi na lini. Urefu wake hakuwahi kuuwaza.

"Mama, jicho linaweza kudanganya."

"La kwako, labda." Fundi cherehani alikuwa ameshasimama. Akavua viatu, akapanda benchi, benchi likalia, wagonjwa wawili wakalishika miguu bila kuambiwa. Akaitanua tepu yake juu ya kioo. "Sentimita mbili na mistari miwili. Andika. Hiki hapa... mbili na mistari miwili. Hiki, mbili na miwili. Hivi viwili vimegusana, ni mara mbili yake kamili. Unaandika au unaniangalia?"

"Naandika, mama!"

"Nani huyo amepanda benchi langu?" Sista akaunguruma kutoka dirishani.

"Mgonjwa anapima picha!" ukumbi mzima ukajibu, kila mtu kwa mdomo aliobaki nao.

Nukta alikuwa amezama kwenye hesabu. Skrini zile zilikuwa za nukta kubwa, mia sita na arobaini kwa upana. Sentimita mbili na mistari miwili ilikuwa nukta kumi na sita. Si kumi na tano, si kumi na saba. Na kila nukta ilichukua baiti nne za memori. Mara kumi na sita, sitini na nne.

Sitini na nne aliijua. Prosesa haipendi kutembea mpaka memori kubwa kwa kila kitu kidogo, maana ni mbali. Ina kimfuko chake cha karibu, pale pale kiunoni, na inapoweka vitu humo haihesabu nukta moja moja. Inachota konzi, na konzi moja ni baiti sitini na nne. Basi madoa hayakuwa takataka. Yalikuwa konzi za namba mpya zilizoandikwa mfukoni kwa prosesa zikalala humo humo, na kwenye memori kubwa kukabaki ya zamani. Ndiyo maana kusubiri kulipunguza madoa: ukiipa muda, prosesa humwaga mfuko wake yenyewe ikitafuta nafasi. Na ndiyo maana ile picha ya maua ilipendeza. Ilikuwa kubwa, iliujaza mfuko ukafurika. Tarakimu moja ni kitu kidogo, inakaa mfukoni imetulia.

Kilimsumbua kitu kimoja. Bodi za zamani nazo zilikuwa na mfuko. Mbona kwa miaka sita hazikuwa na doa hata moja?

Wakati akitafuna kalamu, mlango wa chumba cha matibabu ukafunguka, akatoka daktari wa meno na kadi mkononi.

"Sista, kadi ya huyu iko tupu. Presha yake iko wapi?"

"Nimeshaandika." Sista akainua kiganja cha kushoto. Kilijaa wino mpaka kwenye vidole. Alikuwa na tabia hiyo, kuandika kiganjani kwanza, kadi baadaye. "Nitanakili nikipata nafasi."

"Mimi nasoma kadi, Sista!"

"Zamani hukuwa unalalamika."

"Zamani tulikuwa chumba kimoja! Nilikuwa nakushika mkono najisomea mwenyewe. Sasa hivi kuna ukuta hapa. Nikuombe mkono kupitia wapi?"

Nukta akasimama ghafla, daftari likaanguka.

"Rudia hapo, daktari! Kuhusu ukuta!"

Daktari alimtazama, akamtazama na fundi cherehani aliyekuwa bado juu ya benchi, akarudi ndani akafunga mlango.

Hakuhitaji kurudia. Ilikuwa hivyo hasa. Kwenye bodi za zamani, chipu ya picha kabla haijasoma memori ilikuwa inachungulia kiganja cha prosesa: una jipya humo? Ikikuta jipya, inalichukua. Ndivyo jamii ile ya prosesa ilivyoundwa, wote wanashikana mikono na hakuna anayebaki na habari peke yake. Bodi mpya ilijengewa ukuta. Chipu ilikwenda moja kwa moja kwenye kadi, ikasoma kilichopo, ikachora. Kama prosesa haijanakili, shauri yake.

"Mama," alimwambia fundi cherehani, akimsaidia kushuka, "umeniokoa, na hujui umeniokoa kwenye nini."

"Nimekuokoa, sawa. Sasa niachie zamu yako, jino linaniua."

"Sina zamu, mama. Sikuja kung'olewa."

"Basi umekaa hapo kwa raha zako? Kweli watu hawafanani."

Alhamisi Nukta alifungua draiva yake tangu mstari wa kwanza. Hakwenda mbali. Palikuwa na sehemu moja iliyoitwa "safisha", iliyopaswa kuiamuru prosesa imwage mfuko wake kwenye memori. Ndani yake hakukuwa na amri yoyote, isipokuwa maelezo ya mstari mmoja, kwa mkono wake mwenyewe, ya miaka sita iliyopita: *Hapa hakuna kazi. Chipu inajionea.*

Aliwaita wote waje wasome. Mzee Kesho naye alikuja.

"Ni nani huyu alijiona mjuaji kiasi hiki?" akauliza dada wa nyaya.

"Mimi," Nukta akasema. "Na kwa bodi ile nilikuwa kweli mjuaji. Nilipohama nikahama na ujuaji wangu, nikasahau kuuliza kama nyumba mpya ina milango ile ile."

Wote wakacheka, na Bwana Subiri akasema kwa sauti ndogo kwamba basi na yeye aseme: zile subiri zake nyingi hakuwahi kujua kwa nini zilifanya kazi.

Nukta akaandika amri. Akawasha. Madoa yakapungua nusu, nusu yakabaki, na chumba kizima kikashusha pumzi ya masikitiko. Yeye akajipiga paji la uso. Alikuwa ameanza kumwambia chipu "soma", ndipo akamwambia prosesa "mwaga". Kama kumkaribisha mgeni mezani kisha ukaenda kuwasha jiko. Akageuza: mwaga kwanza zile konzi zilizoguswa tu, si mfuko mzima, isije ikachelewa bure, hakikisha zimefika memori, usisogee kabla, ndipo chipu iambiwe. Na kabla ya yote, draiva iulize imesimama juu ya bodi gani. Kwenye za zamani ipite tu, kwenye mpya isafishe.

Wakairushia namba. Elfu moja, elfu kumi. Bwana Subiri alikaa pua karibu na kioo, anasaka doa kama anayesaka chawa. Mwisho akainuka.

"Hakuna," alisema. "Tena ina kasi! Na hakuna subiri hata moja."

"Hata moja?" Mzee Kesho aliuliza kwa unyonge. "Na ile yangu?"

"Na ile yako, Mzee."

Yale maelezo ya mstari mmoja Nukta aliyafuta, akaandika mistari kumi na miwili badala yake, ya kiganja na kadi na ukuta, kila kitu, kwa maneno ambayo hata mtu aliyeajiriwa jana angeyaelewa. Akamkalisha Bwana Subiri pembeni, akamwambia amsomee kwa sauti, halafu aeleze bila kusoma. Alieleza. Alikosea mara moja, akajisahihisha mwenyewe.

Ijumaa skrini tatu zilifanya kazi tangu saa mbili asubuhi. Hamsini na tano akaingia, akatoka. Hamsini na sita ikatokea na tumbo lake lote. Sista aliitazama, akaitazama tena, akamwambia Nukta, "Kwa hiyo sasa mimi ndiye niliyebaki na kosa la kuandika kiganjani?"

"Wewe umenisaidia sana, Sista. Usibadilike mpaka niondoke."

Saa tisa daktari mkuu akapita. Alisimama chini ya skrini ya katikati, mikono nyuma, akangoja namba saba zipite. "Mbona zinasomeka?" alisema, akaendelea na safari yake.

Ndivyo madoa yalivyoisha, na saa tisa na nusu Nukta alikuwa karakana, anafungasha. Bisibisi zake mbili, kikombe, miwani ya akiba isiyo na kioo kimoja. Dada wa nyaya alimkumbatia mpaka waya wa sikio ukatoka. Bwana Subiri alimpa mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema hana la kusema, kisha akasema mengi.

Mzee Kesho alitoka ofisini na karatasi.

"Mwanangu, hongera! Sasa nilikuwa nawaza. Haki yako kabisa kuondoka, kabisa. Ila kuna benki wamepiga simu, wanataka skrini za rangi..."

"Mzee."

"...kitu kidogo tu, Jumatatu ukipita hata nusu saa..."

"Mzee wangu. Uliapa na mashahidi wanne."

Mzee Kesho akawageukia mashahidi. Mmoja alikuwa anafuta meza. Mwingine kagundua dari. Bwana Subiri peke yake alimtazama usoni, akasema, "Uliapa, Mzee. Na hiyo ya benki nitaifanya mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Bila kusubiri."

Kicheko kikapasuka, na Mzee Kesho, ambaye hakuweza kushindana na kicheko hata siku moja maishani mwake, akacheka nao mpaka tumbo likatikisika. Alipomaliza macho yalikuwa yamelowa. "Subiri hapo basi," alisema, "kuna barua ya shukrani nimekuandikia, niitafute, iko mezani hapa hapa." Akaingia ofisini. Wakamsikia anafungua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nukta alijua barua hiyo. Ilikuwa bado haijaandikwa. Akaisikiliza droo ya nne, akatabasamu, akatundika mkoba begani, akashuka ngazi.

Chini, mlinzi wa jengo alikuwa kwenye kiti chake kati ya magodoro yaliyosimamishwa, na daftari la watokao magotini.

"Unatoka mapema leo, Dada Nukta. Saa kumi kasoro. Sahihi hapa." Akageuza kalamu. "Na hapa kwenye saa ya kurudi nijaze ngapi?"

"Usijaze."

"Lazima kijazwe, Dada. Mkaguzi ananisumbua."

"Basi piga mstari."

Mlinzi akatazama mkoba, kikombe kinachochungulia, na uso wa mwenye mkoba. Akaweka rula, akapiga mstari ulionyooka vizuri sana, akampungia mkono. Juu dirisha likafunguka kwa kishindo na sauti ya Mzee Kesho ikaita, "Nukta! Jumatatu saa ngapi?"

"Jumatatu njema, Mzee!" alijibu bila kusimama, akivuka barabara kuelekea stendi, ambako basi la saa kumi lilikuwa tayari limewashwa na mtu wa mizigo anauliza nani bado.